Bwana wa Paa

Ujumbe wa Profesa uliingia kwenye simu nikiwa na mikono yote miwili ndani ya ndoo ya plasta, kwa hiyo niliusoma kwa jicho moja na kuuelewa nusunusu. Ulisema: "Pepo wetu ni wa kale sana. Anaitwa Bwana wa Paa. Hukaa juu, humtazama mtu, kisha humwangukia. Nataka kichwa chake kabla ya mwisho wa mwezi." Nikanawa mikono, nikachukua penseli, nikaanza kuchora paa. Paa mnyama. Nikampa pembe zilizopinda kwa nyuma, masikio marefu, na yale macho malegevu yanayomfanya mtu aone haya kumla. "Hukaa juu" nilidhani ni juu ya majabali, maana huko ndiko wanakorukaruka.

Mimi ni mtengeneza sura za filamu. Mkihitaji maiti, jini, bikizee wa miaka mia tatu au mtu aliyetafunwa na mamba, karakana yangu ndiyo inayofinyanga, kumimina mpira na kubandika nywele unywele kwa unywele. Wapo wanaosema kazi yangu ni kutisha watoto. Hao hawajakutana na watoto. Mtoto hatishiki, anaangalia zipu iko wapi. Wanaotishika ni watu wazima, tena wale wanaojifanya hawaamini.

Kichwa kilipokauka, Profesa akaja kukiona. Huyu ni mwandishi wetu wa hadithi, na jina la Profesa alilipata kwa sababu ya miwani. Alikizunguka mara mbili akiwa amefunga mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

"Hizi pembe za nini?"

"Si ulisema Bwana wa Paa?"

"Paa la nyumba, ndugu yangu. Paa. Bati. Kitu kinachovuja."

Fundi wa taa aliyekuwa pale alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimezichonga zile pembe kwa kisu kidogo hadi vidole vikafa ganzi, na sasa nilikuwa natafuta namna ya kumlaumu Profesa kwa uandishi mbovu. Lakini Bosi, yule mama mwenye kampuni, alipoitwa kuamua, alikitazama kichwa, akasema pembe zibaki. "Nani atatoka kwake aje hapa kuogopa nyumba?" alisema. Profesa akanywea. Pepo lake likaingia kwenye filamu na pembe zangu kichwani, jina likabaki lilelile, na watazamaji wangeelewa wenyewe watakavyoelewa.

Ilikuwa baada ya hapo, tukinywa chai, ndipo nikamuuliza Profesa hilo pepo lenyewe lilikuwa linafanya nini huko juu ya paa. Uso ukamwaka kwa furaha. Alisema watu wa kale, wale walioandika kwa kudidimiza ncha za vijiti kwenye vibao vya udongo mbichi, walikuwa na pepo kwa kila balaa: la homa, la kuua vichanga, la upepo wa moto. Na hili la paa lilikuwa la watu wanaoanguka.

"Mtu mzima kabisa, ana afya yake," alisema. "Ghafla anatazama juu. Macho yanageuka. Anatoa sauti moja, halafu chini. Povu. Nimeyaweka yote hayo, ndilo tukio letu la kwanza. Wachimbaji wanafukua mji uliozikwa, binti mmoja anaingia kwenye chumba ambacho paa lake bado zima."

"Hicho ni kifafa," nikasema.

"Leo ni kifafa. Wakati ule lilikuwa na jina."

Nilimwambia abadilishe. Nilimwambia binti apofuke, aote magamba, nitamtengenezea magamba mazuri ambayo dunia haijayaona. Bosi akanisikia akaniuliza tangu lini fundi wa gundi akaanza kuandika hadithi. Ningeweza kuwaambia sababu. Sikuwaambia, kwa kuwa sababu yenyewe haikuwa yangu kuitangaza, ilikuwa ya mdogo wangu, na hata alikofanya kazi hawakuijua.

Mdogo wangu tunamwita Chiriku, maana tangu alipoanza kusema hajanyamaza. Anasuka nywele saluni, na wateja wanamgombania kwa mikono yake na kwa mdomo wake pia. Lakini kabla ya hapo alipoteza ujana wake karibu wote akiwa mtu wa kuanguka. Alianguka shuleni, akatolewa. Alianguka jikoni, ana kovu la uji mkono wa kushoto. Mama alimzungusha kwa kila aliyesema anajua kutoa pepo, wengine kwa maombi, wengine kwa moshi, na mmoja, Mungu anisamehe kwa ninavyomchukia, kwa fimbo. Nami nilikuja na daktari wangu, mtu mpole anayechora ubongo kwenye karatasi, na vidonge. Tuligombana mimi na Mama hadi majirani wakawa wanajua maneno yetu kwa moyo. Mwisho akakubali. "Sijasema si pepo," aliniambia. "Nimesema tujaribu."

Tukajaribu, na Chiriku akaacha kuanguka. Akapata kazi. Akaanza kuoga mlango ukiwa umefungwa kwa komeo, jambo ambalo wewe unaliona dogo. Nilipokuwa napita kuwasalimu jioni, nilikuwa nasikia kicheko chake nikiwa bado barabarani, na kusema kweli hakuna kitu kilichonifurahisha maishani kuliko kelele ile. Nilichokuwa nakitaka duniani ni kimoja tu, ameze vidonge vyake na aendelee kupiga kelele.

Filamu ikatoka. Ikapendwa. Ikawekwa hata saluni, kwenye ile runinga iliyo juu ya vioo, na siku hiyo Chiriku alirudi nyumbani hasemi. Alikaa kwenye kochi akatazama kucha zake. Mama alipomuuliza ana nini alijibu hana kitu, ila watu walicheka sana lile tukio la binti, na mteja mmoja akaliiga, akageuza macho, kiti kizima kikatikisika.

Jumapili mchana nilifika nikawakuta wote wawili mbele ya runinga. Mama alikuwa ameitafuta mwenyewe. Nilisimama mlangoni nikamwona yule binti akiingia chumbani, akiinua uso, shingo ikikakamaa, na ile sauti ikimtoka. Waigizaji wetu ni hodari, siwezi kukataa. Kisha lile pepo likatokea na pembe zangu.

"Zima," Mama akasema. Nikazima.

"Ni nani aliyewasimulia habari za mwanangu?"

"Hakuna, Mama."

"Wamejuaje shingo? Wamejuaje ile sauti? Mimi mwenyewe nimeisikia miaka yote hiyo na siwezi kuiiga. Umemuuza mdogo wako huko kwenye magundi yako?"

Hapo ndipo nilipojiona mwerevu. Niliona njia nzuri ya kulivunja lile pepo ni kulichekesha, basi nikavuta kigoda nikawasimulia habari ya pembe. Niliwasimulia vizuri, kwa mikono na kwa sauti ya Profesa: ndoo ya plasta, macho malegevu, "kitu kinachovuja". Nikawaambia, mnaona, pepo lenyewe ni kosa la kusoma, limetoka kwenye kichwa cha mtu aliyekuwa na haraka. Chiriku akacheka. Mama naye akacheka, tena kile kicheko chake cha kuinama na kushika magoti, hata nikahisi nimeshinda.

Kisha akajifuta macho akauliza, "Sasa huyo wa kweli alikuwa Bwana wa paa lipi?"

"La nyumba."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Wanasema lilikuwa linakaa juu, linamtazama mtu, halafu... Mama, ni hadithi za kale."

"Za kale kiasi gani?"

Nilikuwa nimeshaanza kuona shimo, ila miguu ilikuwa hewani. "Maelfu ya miaka," nikasema.

Hakuna aliyecheka tena. Nyumba yetu ni ya bati, na mchana jua likipanda bati hujinyoosha na kugonga: ko, kisha kimya, kisha ko kwa upande wa pili, kana kwamba kuna mtu anabadilisha mkao. Tumezaliwa tukiisikia sauti hiyo. Mchana huo Mama na Chiriku waliinua nyuso pamoja.

"Siku zote nilikuwa nawaambia," Chiriku akasema polepole. "Kabla sijaanguka kuna kitu huwa kinanivuta nitazame juu. Mkasema ni macho."

"Ni macho," nikasema. "Daktari alieleza. Ndiyo dalili ya mwanzo, ubongo unavuta macho juu."

"Watu wa maelfu ya miaka walimjua anakokaa," Mama akasema, "na daktari wako anachora kabichi kwenye karatasi."

Pembe angeweza kuzicheka. Paa alikuwa nalo kichwani pake.

Kesho yake walitoa kitanda cha Chiriku nje, wakakiweka katikati ya ua, mbali na ukuta, na chandarua kimefungwa kwenye miti minne ya fagio. Pasipo na paa, hana pa kukaa. Ndiyo ilikuwa hoja yao, na nawaapia haikuwa na ufa hata mmoja. Chiriku akawa anapika nje, anakula nje, anaoga nyuma ya shuka. Saluni ina paa, akaacha kazi. Mvua iliponyesha kukazuka mjadala kama mwavuli ni paa au si paa. Mama akaamua si paa kwa sababu unashikwa mkononi. Niliposema kwa hasira kwamba hata kofia basi ni paa, Chiriku alivua kitambaa chake cha kichwa taratibu, akakikunja, akakiweka kando. Nilitamani kuyameza maneno yangu.

Vidonge aliviacha yeye mwenyewe. Sikujua hadi nilipoikuta chupa imejaa vilevile nilivyoileta.

"Vya nini tena, Kaka?" aliniambia. "Sianguki. Na kichwa kimekuwa chepesi, silali mchana."

"Huanguki kwa sababu bado vimo mwilini. Daktari amesema kuviacha ghafla ni hatari kuliko kutovianza."

"Daktari huyo analala wapi?"

"Kwake."

"Ndani?"

Nilifoka. Nilimwita mpumbavu, jambo ambalo sijawahi kumwita hata tukiwa wadogo, na Mama akanionyesha geti. Wiki zikapita na Chiriku hakuanguka. Kila nilipopiga simu, Mama alipokea kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. "Mzima," alikuwa anasema. "Yuko chini ya mbingu ya Mungu." Kazini nilikuwa nafinyanga pua za watu ambao sijui watafanya nini kwenye filamu, na sikuuliza. Profesa niliacha kumsalimia. Alikuwa hajanikosea kitu, lakini nilihitaji wa kumchukia.

Chiriku alianguka asubuhi, akianika nguo. Jirani aliyekuwa anachota maji anasema alimwona ameshika shuka lenye maji, akainua uso kana kwamba ameitwa, akageuka nusu duara, akaenda chini kwa kisogo kwenye ukingo wa karo la kufulia. Na hakuanguka mara moja akaamka kama zamani. Mapigo ya kifafa yalikuja moja baada ya jingine, hajazinduka, jingine, mpaka hospitali, na huko pia.

Nilimkuta wodini amefungwa bendeji kichwani, ulimi umevimba, upande mmoja wa uso umekuwa wa bluu. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, viatu vya Chiriku mapajani. Alionekana mdogo. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu yamepangwa, makali yote, na nilipomwona vile yakanitoka. Nikakaa chini kando ya kiti chake nikamshika mguu.

Siku ya pili Chiriku alifungua macho na kututambua. Daktari wa wodi akasema ana bahati, kichwa hakikupasuka, lakini arudi kwenye vidonge leo hii na asiviache maisha yake yote, kwa sababu safari nyingine kama ile hatoki. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, mbele yetu wote watatu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama alingoja aondoke. "Hapakuwa na paa," akasema.

Nikamsogelea. "Ndiyo, Mama."

"Nimewaza tangu jana. Alikuwa katikati ya ua. Juu yake hapakuwa na kitu, hata tawi la mti."

"Ndiyo."

"Basi si yule."

"Si yule," nikasema, na machozi yalikuwa yananijia kwa furaha, mjinga mimi. "Hajawahi kuwa yule."

"Ni yule mwingine," Mama akasema. "Mwenye pembe. Yule hahitaji paa."

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Nilimwambia, Mama, yule nimemtengeneza mimi, kwa sponji na mpira, pembe nimezichonga kwa kisu cha kumenyea.

"Ndicho ninachosema. Huyo wa kale angalau walimjua, wakajua na namna ya kumkwepa. Huyu wako ni mgeni. Hana anayemjua."

"Yupo mmoja," Chiriku akasema kutoka kitandani. Ulimi ulikuwa mzito, ikabidi tuiname. "Kaka. Huyo ni wako. Mwambie aniache."

Wakati huo nesi alikuwa amefika na vidonge viwili kwenye kifuniko cha chupa na maji nusu kikombe. Alimsaidia Chiriku kuinua kichwa. Chiriku akafunga mdomo.

"Meza, mama," nesi akasema.

"Hajamwambia." Alikuwa ananitazama mimi. "Sitameza mpaka amwambie. Nisije nikameza akakasirika."

Nilikuwa na mambo mengi ya kusema, na yote yalikuwa kweli. Kwamba hakuna kitu. Kwamba ubongo wake umepata hitilafu kama waya, na waya haukasiriki. Nilikuwa nimeyasema hayo miaka mingi, nilikuwa nimeyasema kwa upole na kwa kufoka, na niliijua nyumba yetu ilivyoyapokea. Nesi akatazama saa yake ya kifuani. Alikuwa na wodi nzima ya kupitia.

Nikasimama. Sikujua nitazame wapi. Angekuwa wa paa ningetazama darini. Lakini huyu nilimpima mwenyewe, kimo chake nakifahamu, pembe zake zilikuwa zinanipita kichwani kwa kiganja kimoja. Basi nikatazama hapo, kati ya kitanda na mlango, mahali ambapo uso wake ungekuwa.

"Mwache mdogo wangu," nikasema. "Atameza hivi vidonge asubuhi na jioni, na wewe usimguse. Nimekutengeneza mimi, unisikie mimi."

Sauti ilinitoka nzito kuliko nilivyotaka. Mgonjwa wa kitanda cha pili alivuta shuka hadi kidevuni.

"Amesema nini?" Chiriku akauliza.

"Amekubali."

Akafungua mdomo. Akameza kimoja, akameza cha pili, akanywa maji yote, na mengine yakamchuruzika shingoni. Mama alimfuta kwa upindo wa kanga yake. "Leo ndiyo umeongea kama mkubwa wa nyumba," akaniambia, bila kejeli yoyote, na nesi akaondoka na kikombe chake.

Nami nilikuwa bado nimesimama palepale njiani. Nikarudi nyuma hadi nikagusa kitanda, kumpisha yule mwenye pembe apite.